Umbali na Muda wa Safari ya Ndege: Nairobi hadi Accra

Ichukuliwe mfano huu. Ndege inaondoka Nairobi saa 4.00 asubuhi kwa saa za Kenya, na kutua Accra saa 7.00 mchana kwa saa za Ghana. Siku ya pili yake inaondoka Accra saa 4.00 asubuhi, na kutua Nairobi saa 1.00 usiku. Mwanafunzi atoaye wakati wa kuondoka katika wakati wa kufika atapata kwamba safari ya kwenda ilichukua saa 3 na ya kurudi saa 9. Ndege ni ile ile na njia ni ile ile. Kosa liko wapi?

Kosa ni kulinganisha saa za mahali pawili. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa, kutoka magharibi kwenda mashariki. Nairobi ipo kwenye longitudo 36.8 mashariki na Accra 0.2 magharibi, tofauti yao ni nyuzi 37. Kwa kulifuata jua pekee, tofauti ya wakati ingekuwa saa 2 na dakika 28. Lakini Kenya hutumia saa ya longitudo 45 mashariki, na Ghana hutumia saa ya longitudo 0. Hivyo tofauti rasmi ni saa 3 kamili. Saa 7 mchana ya Accra ni saa 10 jioni ya Nairobi. Kumbe kila safari ilichukua saa 6.

Je, umbali ni kiasi gani? Kwa kuwa umbo la dunia linakaribia tufe, njia fupi kati ya miji miwili ni sehemu ya duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Nairobi ipo latitudo 1.3 kusini (A = –1.3) na Accra 5.6 kaskazini (B = 5.6). Tofauti ya longitudo ni L = 37. Basi:

kos D = sin A × sin B + kos A × kos B × kos L

D ni nyuzi 37.6. Kila uzi wa duara kuu ni kilometa 111.2, hivyo umbali ni kilometa 4,180 hivi.

Kwa mwendo wa kilometa 850 kwa saa, umbali huo huhitaji saa 4 na dakika 55. Muda uliobaki hutumika kutembea uwanjani, kupanda, kushuka na kufuata njia za anga zisizonyooka kabisa.

Upepo nao huingia katika hesabu. Upepo wa mashariki wa kilometa 50 kwa saa ukivuma njia nzima, huokoa dakika 16 wakati wa kwenda, lakini hupoteza zaidi ya dakika 18 wakati wa kurudi, kwani ndege hukaa muda mrefu zaidi ikipambana nao.

Hesabu hizi si za darasani tu. Ndege iliyotiwa mafuta ya saa 3 ingeishiwa juu ya misitu ya Kameruni, zaidi ya kilometa 1,600 kabla ya Accra. Ndiyo maana ndege hubeba mafuta ya kufikia mwisho wa safari, ya kwendea uwanja mwingine, na ya akiba zaidi ya hayo.

Zoezi: Tafuta katika atlasi latitudo na longitudo za Dar es Salaam na Lusaka, kisha kokotoa umbali kati yake na tofauti ya saa zao rasmi.