Moyo Ukisimama, Mwokoaji ni Aliye Karibu

Mtu akianguka ghafla, akaitwa asiitike, akatazamwa na kuonekana hapumui au anatweta kwa vipindi, huenda moyo wake umesimama. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Hata gari likipatikana papo hapo, hakuna atakayetoka Kihagara akafika hospitali ya Liuli kwa muda huo. Wa kumwokoa ni aliye karibu naye: jirani, mvuvi mwenzake, mpita njia.

Mgonjwa alazwe chali mahali pagumu. Mwokoaji apige magoti ubavuni, aweke kiganja katikati ya kifua na cha pili juu yake, anyooshe viwiko, kisha akandamize kwa uzito wa mwili. Kifua cha mtu mzima kiingie ndani sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kiachwe kinyanyuke kila mara. Kazi hiyo inachosha kama kupiga kasia dhidi ya upepo. Waliopo wapokezane kila dakika 2, huku mwingine akitafuta usafiri. Asiyejua kupuliza pumzi akandamize tu bila kukoma.

Aliyeopolewa ziwani moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Huyo aanziwe pumzi 2 za mdomo kwa mdomo, kichwa kimeinamishwa nyuma na pua imebanwa, ndipo afuatiwe na mikandamizo 30, kisha pumzi 2 tena. Kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili atapike maji ni kumpotezea dakika asizokuwa nazo, na matapishi yaweza kuingia mapafuni.

Wengi husita wakihofia kuvunja mbavu. Ni kweli, mbavu huweza kuvunjika, nazo huunga. Fabrice Muamba, mchezaji mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani jijini London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kudunda wenyewe, naye akapona. Alikuwa na madaktari na mashine pembeni, lakini kifua chake kilianza kukandamizwa pale pale nyasini.

Kusoma pekee hakutoshi. Mikono hujifunza kwa kukandamiza sanamu ya mafunzo. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1962, hufundisha huduma ya kwanza. Vijiji vinaweza kupitisha ombi la mafunzo katika mkutano mkuu na kuliwasilisha kwa Afisa Mtendaji wa Kata, vikundi vya wavuvi vikitangulia, kwa kuwa mialoni ndiko watu huopolewa.