Nguruwe Mwitu wa Masasi na Newala: Windo, Kitoweo na Hesabu Yake

Mwanafunzi atokaye vijiji vya Masasi au Newala hahitaji kufundishwa maana ya dungu. Ni kibanda cha miti na nyasi ambamo mkulima hulala wakati mazao yakomaapo, ili aamie shamba lake. Mchana huamia ndege na nyani. Usiku huamia nguruwe mwitu. Kundi moja la nguruwe likiingia katika shamba la mihogo, karanga au mahindi, kazi ya miezi mingi yaweza kuharibika kabla jogoo hajawika. Mkulima hupiga debe, huwasha moto, hupaza sauti. Nguruwe huondoka, na kesho yake hurudi.

Katika makala haya tutamtazama mnyama huyu kwa jicho la elimu ya viumbe. Tutauliza kwa nini amezidi, ana uhusiano gani na simba, na kama kumwinda kwa ajili ya nyama kwaweza kumpunguza. Jibu letu, ambalo tutalieleza kwa hesabu, ni kwamba windo laweza kusaidia, lakini windo la hasira la siku moja halisaidii kitu.

Mnyama mwenyewe

Jina la kitaalamu la nguruwe mwitu wa kwetu ni Potamochoerus larvatus. Asichanganywe na ngiri, Phacochoerus africanus. Ngiri hutembea mchana, hupenda mbuga zenye nyasi fupi, na hukimbia mkia ukiwa umesimama wima. Nguruwe mwitu ana manyoya marefu na masikio yaliyochongoka, hupenda vichaka vizito, na palipo na watu hutembea usiku. Mkubwa wake huwa na uzito wa kilo 55 hadi 80, na pengine zaidi.

Huishi kwa makundi madogo, aghalabu ya wanyama 4 hadi 10. Jike hubeba mimba yapata miezi minne, hujenga kitanda cha nyasi kichakani, kisha huzaa watoto 3 au 4, na mara nyingine zaidi. Watoto wana mistari myepesi mgongoni inayowaficha katika majani. Uzazi mwingi hutokea karibu na majira ya mvua, chakula kinapoanza kuwa tele.

Pua yake ni jembe na ni chombo cha kunusia kwa pamoja. Kwa pua hiyo huchimba mizizi, viazi vya mwituni na wadudu. Hula pia matunda, mayai na mizoga. Kwa hiyo shamba la mihogo ni karamu iliyoandaliwa: mizizi minene, udongo uliokwisha kulimwa, wala hakuna haja ya kutafuta mbali.

Kwa nini amezidi?

Idadi ya mnyama yeyote hutawaliwa na mambo manne: chakula, maficho, maadui na maradhi. Katika uwanda wa juu wa Makonde mambo mawili ya kwanza yanampendelea nguruwe. Udongo wa kichanga wa Newala hulimwa miaka kadhaa, kisha huachwa upumzike. Vichaka huota upesi na kusongamana mahali hapo. Mashamba na vichaka hukaa bega kwa bega, chakula upande huu na maficho upande ule. Zaidi ya hayo, tangu watu walipokusanywa katika vijiji vikubwa miaka ya 1970, mashamba ya wengi yakawa mbali na nyumba zao, na shamba lililo mbali ni rahisi kuibiwa.

Kuhusu maadui, chui, fisi na simba ndio wala nguruwe wa asili. Chui na fisi wengi wamekufa kwa mitego na sumu. Mwindaji wa nne ni binadamu, naye hana desturi moja. Kwa Mwislamu nguruwe ni haramu, na kwa kawaida hatamfuata mnyama ambaye hatamla wala kumgusa. Mkristo aliye jirani yake pengine humla. Katika pwani yetu ya kusini, ambako Waislamu ni wengi, paa na pongo wamewindwa hadi wakawa adimu, na nguruwe akabaki.

Kwamba wingi wa nguruwe hutegemea pia matendo ya watu, historia yetu yashuhudia. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997, alieleza hali ya Uzaramo kabla ya Vita vya Majimaji vya 1905. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imezuia uwindaji wa wenyeji, na wanaume wengi walichukuliwa kufanya kazi mbali na kwao. Wanawake waliachwa peke yao kuamia mashamba, nguruwe wakaongezeka, njaa ikaingia. Zuio la windo na upungufu wa walinzi vilitosha kumpa nguruwe ushindi.

Nguruwe humleta simba

Hasara ya mihogo ni kubwa, lakini liko jambo kubwa kuliko hilo. Mwaka 2005 watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya simba walao watu Tanzania. Waligundua kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 na kujeruhi wengine wasiopungua 308. Sehemu kubwa ya mashambulio hayo ilitokea kusini mwa nchi, na yalizidi katika miezi ya mavuno, Machi hadi Mei.

Kwa nini miezi hiyo? Simba hupenda nyati, nyumbu na pundamilia. Karibu na vijiji wanyama hao wamekwisha. Windo lililobaki ni nguruwe. Mavuno yanapokaribia, nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na katikati ya shamba yumo mkulima amelala katika dungu lisilo na ukuta wa maana. Watafiti hao walionyesha kwamba wilaya zenye nguruwe wengi na mawindo mengine machache ndizo zilizopata mashambulio mengi. Walishauri kwamba kupunguza nguruwe mashambani kwaweza kuwa njia mojawapo bora ya kuokoa maisha ya watu.

Hapa pana hatari ya kukosea. Mtu aweza kusema, "Basi tuwaue wanyama wote, simba wataondoka." Sivyo. Simba anyimwaye windo lolote haondoki lazima. Huenda akamgeukia binadamu au mifugo yake. Kinachotakiwa ni nguruwe wapungue mashambani, wakati paa, pongo na wanyama wa hifadhi, kama ile ya Lukwika-Lumesule katika Nanyumbu, wilaya iliyomegwa kutoka Masasi, wanaachwa waongezeke.

Hesabu ya windo

Sasa tuchukue kalamu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, kwa ajili ya somo. Tuseme vichaka vya vijiji vichache vina nguruwe 100, na kati yao majike wazaao ni 40. Kila jike huzaa watoto 3 kwa mwaka: jumla watoto 120. Nusu ya watoto hufa; hubaki 60. Kati ya wale 100 wa zamani hufa 15, hubaki 85. Mwisho wa mwaka tuna 85 na 60, yaani 145. Idadi imezidishwa kwa 1.45.

Wanakijiji wakiua nguruwe 20 katika mwaka huo, watashangilia, na nyama itakuwa nyingi. Hata hivyo watabaki nguruwe 125, kuliko 100 wa mwanzo. Wakiendelea kuua 20 kila mwaka, mwaka wa pili watabaki yapata 161, na mwaka wa tatu 213. Nguruwe wameongezeka maradufu huku wakiwindwa! Wakiua 45 kila mwaka, idadi itasimama pale pale kwenye 100. Wakiua 55, watabaki 90, kisha yapata 76, kisha 55: karibu nusu katika miaka mitatu. Tofauti kati ya kusimama na kupungua ni nguruwe 10 tu kwa mwaka, mradi kazi isikatizwe.

Kwa kweli kichaka hakifuati hesabu hii sawasawa. Chakula kikipungua, nguruwe huzaa wachache. Na eneo moja likisafishwa, nguruwe wa kichaka cha jirani huhamia. Lakini mafunzo matatu yanabaki. Kwanza, windo dogo hukusanya ongezeko la mwaka tu, kama mtu atumiaye riba bila kugusa mtaji. Pili, jike ana uzito kuliko dume katika hesabu, maana ndiye azaaye. Tatu, kijiji kimoja hakiwezi peke yake. Vijiji jirani hapana budi vishirikiane.

Jambo hili si la Masasi peke yake. Marekani, mbwa-mwitu wakubwa na paka wakubwa wa milimani waliangamizwa katika sehemu nyingi, na kulungu wenye mkia mweupe, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 walikadiriwa kuwa yapata nusu milioni, leo wanakadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Majimbo mengi huko huwahimiza wawindaji wapige majike, kwa sababu ile ile tuliyoiona katika hesabu yetu.

Wakati na namna

Watu wengi huwinda nguruwe mwezi Machi, hasira ikiwa juu. Ndio wakati mbaya kuliko wote: majani ni marefu, vichaka vimefunga, watoto wamekwisha zaliwa, na simba wamo humo humo. Kiangazi ni bora. Kati ya Julai na Oktoba majani yamekauka, nyayo huonekana, na majike hayajazaa. Ampataye jike mwenye mimba amezuia kundi zima dogo. Msako wa mchana, wa watu wengi, wenye mbwa na nyavu na mwenye bunduki aliyeruhusiwa, hupita mbali kazi ya mtu mmoja mwenye gobore gizani.

Mitego ya nyaya haifai. Hainasi nguruwe peke yake. Hunasa paa, mbwa wa kijiji, na hata chui, yaani yule mwindaji anayetusaidia bila mshahara. Sumu ni mbaya zaidi: huua fisi, tumbusi na kila mla mzoga, na yaweza kumfikia mtoto.

Windo lote lifuate sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mwindaji lazima awe na leseni. Mnyama aliyeuawa katika kulinda maisha au mali lazima aripotiwe, na nyama yake si mali ya aliyemwua. Kwa hiyo kijiji kianze kwa afisa wanyamapori wa wilaya, kabla ya msako, wala si baada yake.

Nyama na usalama wake

Nguruwe wa kilo 60 aweza kutoa nyama inayokaribia nusu ya uzito wake. Mahali penye ng'ombe wachache, hicho ni kitoweo cha nyumba nyingi. Lakini mambo mawili yazingatiwe.

La kwanza ni mnyoo mdogo sana aitwaye Trikinela. Huishi katika misuli ya wanyama walao nyama na mizoga, naye hauonekani kwa macho. Mwaka 1961 madaktari Forrester, Nelson na Sander walieleza habari za vijana wa Kenya waliougua baada ya kula nyama ya nguruwe mwitu. Dawa yake ni moto: nyama ichemshwe au ichomwe hadi ndani pasibaki wekundu. Kuikausha kwa moshi au kuitia chumvi hakutoshi.

La pili ni homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliieleza kutoka Kenya mwaka 1921. Virusi vyake hukaa katika nguruwe mwitu na ngiri bila kuwaumiza, lakini nguruwe wa kufugwa hufa karibu wote. Haimdhuru binadamu. Hata hivyo, mwindaji atupaye utumbo na mifupa karibu na zizi la jirani aweza kumfilisi kwa siku chache. Mabaki yote yafukiwe chini sana.

Aidha, asiyekula nguruwe asilazimishwe kumgusa wala kumbeba. Katika msako mmoja huyu aweza kusukuma wanyama, yule kuchinja na kugawa. Shamba lililookolewa ni la wote wawili.

Hitimisho

Tumeona kwamba nguruwe ni fundo lifungalo mambo mengi: kichaka, shamba, simba, sheria na chungu cha mboga. Fundo halikatwi kwa panga moja. Hufunguliwa kwa subira, kwa kuwinda majike kiangazi, kila mwaka, vijiji vikiwa pamoja. Siku ambayo mkulima wa Masasi ataweza kulala nyumbani kwake mwezi Aprili, mlango umefungwa, huku mihogo yake iko salama, ndiyo siku windo letu litakapokuwa limefaulu.

Maswali na mazoezi

1. Eleza tofauti tatu kati ya nguruwe mwitu na ngiri.

2. Rudia hesabu ya makala haya ukidhani kwamba robo tatu ya watoto hufa badala ya nusu. Nguruwe wangapi wapaswa kuwindwa ili idadi isimame kwenye 100?

3. Chora mtandao wa chakula wenye mihogo, nguruwe, paa, chui, simba na binadamu. Ondoa chui, kisha ueleze yatakayotokea.

4. Waulize wazee wa kijiji chenu: nguruwe walikuwa wengi au wachache walipokuwa vijana, na ni nini kilichobadilika? Yaandike majibu yao na kuyajadili darasani.