Ndugu Anayetaka Kuacha Methadoni

SWALI: Mdogo wangu, aliyekuwa akitibiwa uraibu wa heroini kwa methadoni Dar es Salaam, amerejea kwetu Nchelenge, Zambia, naye ataka kuiacha dawa mara moja. Nimsaidieje?

JIBU: Ndugu yangu, msihi asiikate ghafla; kwani methadoni hukawia mwilini, na dhiki ya kuikosa, yaani jasho, kuhara, maumivu ya mifupa na kukosa usingizi, huanza baada ya siku 1 hadi 3, ikadumu majuma 2 au 3, pengine zaidi. Mpeleke upesi hospitali ya St Paul's, Kashikishi, ili tabibu awasiliane na kliniki yake ya Dar es Salaam juu ya kupunguza kipimo taratibu. Nyumbani mnywesheni maji yenye chumvi na sukari, kesheni naye, wala msimtahayarishe, kwa kuwa haya ni maradhi kama maradhi mengine. Lakini hatari kubwa huja dhiki ikiisha kupita, kwani mwili hauhimili tena kipimo cha zamani, na akirudia heroini kwa kiasi kile kile aweza kufa. Basi akikoroma na pumzi zikipungua, mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Na akitamani kurejea kwenye tiba, mpokeeni kwa furaha.