Kugawa Mzigo Baina ya Seva Nyingi

Siku matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, watahiniwa, wazazi na walimu wengi mno hufungua ukurasa uleule katika dakika zilezile. Mwanafunzi anayeona skrini tupu hudhani kwamba simu yake ni mbovu, akabonyeza tena na tena. Kila mbonyezo ni ombi jipya linaloongezwa juu ya mzigo ambao tayari umeishinda mashine. Katika makala haya tutaeleza jinsi mzigo wa namna hiyo unavyogawanywa kwa mashine kadhaa, na kwa nini kugawa huko si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa.

Kwa nini seva hulemewa ghafla?

Seva ni kompyuta inayopokea maombi na kuyajibu. Tuseme seva moja ina uwezo wa kujibu, kwa wastani, maombi 100 kila sekunde. Asiyezoea hesabu za foleni atafikiri kwamba maombi 99 kwa sekunde hayana taabu yoyote, maana bado yako chini ya uwezo. Sivyo. Maombi hayafiki kwa mpangilio. Mara huja mengi kwa pamoja, mara hakuna hata moja, na mengine huchukua muda mrefu kuliko wenzake. Hesabu za mambo haya ziliasisiwa na Mdenmaki Agner Krarup Erlang, mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, aliyechapisha makala yake ya kwanza juu ya miito ya simu mwaka 1909. Kwa foleni iliyo sahili kabisa, wastani wa muda ambao ombi hukaa, tangu kufika hadi kujibiwa, ni:

T = 1 ÷ (U − M)

Hapa U ni uwezo wa seva, na M ni idadi ya maombi yanayofika kila sekunde. Yakifika maombi 50, T ni sekunde 0.02. Yakifika 90, T ni sekunde 0.1. Yakifika 99, T ni sekunde 1 nzima. Msomaji aangalie vizuri: kutoka 90 hadi 99 mzigo umeongezeka kwa sehemu moja ya kumi tu, lakini kungoja kumeongezeka mara kumi. Mzigo ukifika 100 na kuzidi, kanuni hii haifai tena. Foleni hurefuka bila kikomo.

Sasa tuweke seva ya pili iliyo sawa na ya kwanza, na tugawe yale maombi 99 nusu kwa nusu. Kila seva itapata 49.5, na T itashuka hadi karibu sekunde 0.02. Hiyo ndiyo faida tunayoitafuta.

Mgawaji na kanuni zake

Mbele ya seva huwekwa programu inayoitwa kisawazisha mzigo. Umma huijua anwani yake peke yake. Seva zenyewe hujificha nyuma yake, kila moja ikiendesha nakala ya programu ileile. Visawazisha viwili vinavyotumika sana, navyo hupatikana bure, ni nginx, kazi ya Mrusi Igor Sysoev iliyotolewa mwaka 2004, na HAProxy, kazi ya Mfaransa Willy Tarreau.

Kanuni ya kwanza ya kugawa ni zamu kwa zamu: ombi la kwanza kwa seva A, la pili kwa B, la tatu kwa C, kisha kurudi A. Ndiyo nginx huifuata isipoagizwa vingine. Inafaa pale ambapo maombi yanalingana kwa uzito. Lakini ikiwa ombi moja ni kutazama jina na jingine ni kuandaa orodha ya mkoa mzima, zamu huwa haki ya jina tu. Hapo hutumika kanuni ya pili, yaani kumpelekea yule mwenye maombi machache mkononi.

Kanuni hii ya pili inaonekana kuwa na busara, nayo ina mtego. Tuseme seva C imepoteza mawasiliano na hifadhidata. Haiwezi tena kutoa matokeo ya mtu yeyote, lakini kusema "kuna hitilafu" ni kazi ya kufumba na kufumbua. Basi mkono wake daima uko mtupu, na kisawazisha, kwa kuiona haina kazi, huimiminia maombi kuliko wenzake. Seva mgonjwa ndiyo inayopokea watu wengi! Kwa sababu hiyo haitoshi kuuliza kama seva iko hai. Lazima iulizwe swali linaloilazimu kufanya kazi yake halisi. HAProxy ikiachwa na vipimo vyake vya kawaida hujaribu tu kufungua muunganisho kila sekunde 2, na huitoa seva kundini ikishindwa mara 3 mfululizo. Seva C ingefaulu jaribio hilo siku nzima.

Tatizo la kumbukumbu

Mwombaji wa mkopo wa masomo anajaza fomu yenye kurasa tano. Ukurasa wa kwanza ameujaza kwa seva A. Wa pili unaelekezwa kwa B, isiyomjua kabisa, nayo inamtaka aanze upya. Wengine hutibu jambo hili kwa kumfunga mtu kwa seva moja kufuatana na anwani ya mtandao anakotoka. Dawa hii ni dhaifu. Shule yenye kompyuta 40 kwa kawaida huonekana nje kwa anwani moja, na wateja wengi wa kampuni moja ya simu vilevile. Wote wataangukia seva moja huku nyingine zimekaa. Kwa maoni yetu, njia iliyo bora ni seva zisiweke kumbukumbu yoyote ya mtu, bali ziihifadhi mahali pamoja panapofikiwa na zote. Hapo hata A ikizimika, fomu haipotei.

Seva ngapi?

Seva 3 zikibeba maombi 240 kwa sekunde, kila moja ina 80, na T ni sekunde 0.05. Moja ikifa, mbili zilizobaki hubebeshwa 120 kila moja, zaidi ya uwezo wake, nazo huanguka kwa kufuatana. Zingekuwa 4, kifo cha moja kingeziacha tatu na 80 kila moja. Kisawazisha nacho huwekwa viwili, cha pili kikingoja kuichukua anwani ya cha kwanza kikinyamaza.

Zoezi

Maombi 300 hufika kila sekunde, na kila seva ina uwezo wa 100. (a) Tafuta T kwa seva 4. (b) Eleza kitakachotokea moja ikifa. (c) Zinahitajika seva ngapi ili T isizidi sekunde 0.05 hata baada ya kufa moja? (Jibu la c: 5.)