Dhamana, Muda na Haki ya Mtoto: Mkanganyiko wa Istilahi katika Kesi za Unajisi, kwa Mfano wa Majengo, Nyeri

1. Utangulizi

Majengo ni jina la mtaa linalopatikana katika miji mingi ya Kenya. Katika eneo la Mlima Kenya, Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu zote zina Majengo yao. Katika mitaa hiyo Kiswahili huwaunganisha watu wa asili mbalimbali, na ndicho wazazi hukitumia wanapofika kituo cha polisi au mahakamani. Kwa sababu hiyo, istilahi za sheria si suala la kamusi pekee. Mtoto anaponajisiwa, mshukiwa akakamatwa, kisha akaonekana tena mtaani baada ya siku chache, habari huenea kwa kitenzi kimoja: "ameachiliwa". Ni rahisi basi kwa jamaa za mtoto kudhani kwamba kesi imekwisha. Makala haya yanaonyesha kwamba kitenzi hicho hubeba hatua tatu zisizolingana, na kwamba anayeumizwa zaidi na mkanganyiko huo ni mtoto.

2. Hatua tatu, kitenzi kimoja

Dhamana ni ahadi ya kuwajibikia mtu au jambo, na mdhamini ni yule anayebeba ahadi hiyo. Maana hii ya kawaida haipotei mahakamani: anayepewa dhamana ameahidi kurudi. Hatua zinazochanganywa ni hizi:

(a) Dhamana ya polisi. Mshukiwa huruhusiwa kuondoka kituoni kwa sharti la kufika mahali na siku aliyotajiwa.

(b) Dhamana ya mahakama. Mashtaka yamesomwa, hakimu ameweka masharti ya fedha, wadhamini au mengineyo, na kesi inaendelea.

(c) Kuachiliwa huru. Mahakama imeamua kwamba mashtaka hayakuthibitishwa.

Hatua ya tatu humwondolea mshtakiwa hatia, na hata hapo upande wa mashtaka waweza kukata rufaa. Mbili za kwanza hazisemi lolote kuhusu hatia.

Neno "unajisi" lenyewe lahitaji tahadhari. Limetokana na "najisi", yaani uchafu unaohitaji tohara, dhana inayofahamika vyema katika mitaa yenye Waislamu wengi kama Majengo. Msikilizaji aweza kuelewa kwamba mtoto ndiye aliyechafuka, ilhali sheria humtazama kama aliyekosewa. Aibu hiyo yaweza kuisukuma familia kutaka suluhu ya nyumbani. Hata hivyo, kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 hakiwapi wazazi wala wazee mamlaka ya kusitisha upelelezi au mashtaka. Uamuzi huo kiliuweka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na chini ya Katiba ya 2010 mamlaka ya mashtaka yamo kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

3. Saa za mshtakiwa

Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa mahakama, au katika siku isiyo ya mahakama, atafikishwa kabla ya kumalizika kwa siku ya mahakama inayofuata. Kwa mfano, anayekamatwa Majengo Ijumaa jioni aweza kufikishwa mahakamani Jumatatu bila Katiba kuvunjwa.

Ibara hiyohiyo humpa haki ya dhamana yenye masharti yanayofaa, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima. Unajisi haukutengwa. Kosa hili lina adhabu kali: kifungo cha maisha mtoto akiwa na umri wa miaka 11 au chini yake, kisichopungua miaka 20 akiwa na miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 akiwa na miaka 16 hadi 18. Mnamo Julai 2024, Mahakama ya Juu ilishikilia adhabu hizo za chini katika rufaa iliyotokana na uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Nyeri. Ukali wa adhabu waweza kumshawishi mshtakiwa kutoroka, na mahakama hulipima jambo hilo pamoja na nguvu ya ushahidi na mwenendo wake. Lakini ukali peke yake haumgeuzi mshtakiwa kuwa mkosaji.

4. Siku za mtoto

Saa za mshtakiwa zimehesabiwa. Za mtoto zilichelewa hata kutambuliwa. Ushahidi wa jambo hili umo katika kesi ya Meru. Mwaka 2012, shirika la Ripples International liliwasilisha ombi katika Mahakama Kuu ya Meru kwa niaba ya wasichana walionajisiwa, likilalamika kwamba polisi walipuuza taarifa zao. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji Makau aliamua kwamba kutofanya upelelezi wa haraka, wenye ufanisi na wa kitaalamu kulikiuka haki za wasichana hao. Kesi hii, ijulikanayo kama ya Wasichana 160, ilionyesha kwamba ucheleweshaji wenyewe ni dhuluma. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 ilipiga hatua nyingine. Kifungu cha 10 humpa mwathiriwa haki ya usalama wake na wa familia yake kuzingatiwa masharti ya dhamana yanapowekwa. Kifungu cha 9 humpa haki ya kesi kuanza na kumalizika bila kuchelewa kusiko na sababu. Hata hivyo, kifungu hicho hakitaji idadi ya siku.

5. Ulinganisho

India imehesabu siku za pande zote mbili. Upelelezi wa makosa mazito usipokamilika katika siku 90, mshukiwa aliyezuiliwa hupata haki ya dhamana. Kwa upande wa mtoto, sheria ya 2012 ya kuwalinda watoto dhidi ya makosa ya kingono inaagiza ushahidi wake uchukuliwe ndani ya siku 30 tangu mahakama ipokee kesi, na kesi imalizike, kadiri iwezekanavyo, katika mwaka mmoja. Nchini Uganda, Katiba ilivyorekebishwa mwaka 2005 huhesabu siku za mshtakiwa aliye rumande: 60 au 180 kutegemea mahakama yenye mamlaka ya kusikiliza kosa.

6. Hitimisho

Dhamana si adui wa mtoto. Hulinda mtu ambaye bado hajathibitishiwa hatia. Hatari huanza pale jamii inapoisikia kama hukumu. Mzazi anayeelewa kwamba mshtakiwa "ametoka kwa dhamana" ataendelea kumpeleka mtoto kutoa ushahidi. Ataweza kuiomba mahakama, kupitia kwa mwendesha mashtaka, iweke sharti la kutomkaribia mtoto, na sharti likivunjwa ataripoti ili dhamana ifutwe. Kwa hiyo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, hasa wakalimani na wanahabari watarajiwa, wana wajibu wa kutenganisha "ametoka kwa dhamana" na "ameachiliwa huru" kila wanaposema na kila wanapoandika.