Kula Chini ya Magitaa: Vidokezo vya Hard Rock Cafe ya Orlando

Kila likizo ndefu ya shule inapokaribia, simu yangu huanza kuita. "Shangazi, tiketi tumeshakata, tunakuja Orlando." Tukimaliza salamu na habari za bibi, swali linalofuata ni lile lile: tukitoka kwenye michezo, tukale wapi? Mimi huwapeleka Hard Rock Cafe, mgahawa wa muziki ulio mlangoni kabisa mwa bustani za burudani za Universal. Nawapeleka kwa moyo mmoja, ila huwaambia jambo moja mapema: pale usilipie chakula, lipia kuta. Anayeingia ale baga aondoke, atalalamikia bei mpaka afike nyumbani. Anayeingia kama mtu aendaye makumbusho, kisha akaletewa na sahani mezani, hutoka ameshiba mara mbili.

Haya ndiyo ninayowaambia wanangu hao kabla hawajafunga mkanda wa gari.

1. Majina yasikuchanganye

Ukimwambia dereva "Hard Rock, Orlando" na kunyamaza, anaweza kukushusha hotelini. Hard Rock Hotel ipo kweli, ni jirani, ilifunguliwa 2001 na ina mahali pake pa kula. Unayoitafuta wewe ni Cafe, iliyo ndani ya CityWalk, mtaa wa maduka, sinema na vilabu ulio katikati ya bustani mbili: Universal Studios Florida na Islands of Adventure. Bustani mpya, Epic Universe, iliyofunguliwa Mei 2025, iko mbali nazo kwa mwendo wa gari. Disney iko mbali zaidi, na ni kampuni nyingine kabisa. Kwa hiyo usipange kushinda Disney asubuhi halafu mchana "uvuke tu" uje kula. Orlando si Mji Mkongwe wa kutembea kwa miguu.

2. Tiketi ya bustani haihitajiki

Wengi hawalijui hili, na ndilo linalowaokoa wenye mfuko mdogo. Kuingia CityWalk ni bure. Utapita ukaguzi wa mabegi kama wa uwanja wa ndege, kisha uko ndani. Gharama ni ya kuegesha gari, nayo kwa kawaida huondolewa ikishatimu saa kumi na mbili jioni, isipokuwa siku za matukio maalumu. Bibi na babu wasiotaka kurushwa angani na vigari vya kasi wanaweza kuja jioni, wale, wasikilize muziki, wasitoe hata senti ya kiingilio.

Na kama familia iko ndani ya bustani, mnaweza kutoka mchana, mkale, kisha mrudi kwa tiketi zile zile za siku hiyo. Zitunzeni tu.

3. Chagua saa ambayo wenzako wako kwenye foleni

Saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri ndiyo saa yangu. Waliokula mchana wameondoka, wa usiku hawajafika, na wahudumu wana nafasi ya kuzungumza na mtu. Bustani zikifungwa, umati wote humwagika CityWalk kwa pamoja, na hapo kusubiri meza na watoto waliochoka ni mateso. Weka nafasi mapema kama unaweza.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni mvua. Kuanzia Juni hadi Septemba, Florida hupigwa na radi na mvua kubwa za alasiri, karibu kila siku. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa, na kila mtu hukimbilia penye paa. Ukiona wingu jeusi linajikusanya, usingoje tone la kwanza. Mwenye busara huwa ameshaketi mezani mvua ikianza. La pili ni ukumbi wa Hard Rock Live ulio ubavuni mwa mgahawa, unaoingiza watu wapatao 3,000. Siku ya tamasha, wengi wao hutaka kula kabla ya kuingia. Tazama ratiba ya ukumbi kabla hujachagua siku.

4. Beba kanga

Au sweta, au mtandio. Nje ni joto la Tanga mwezi wa Februari, ndani kiyoyozi kinapuliza kama jokofu. Watoto waliolowa kwenye michezo ya maji hutetemeka kabla chakula hakijafika. Kanga moja inawafunika wawili.

5. Zunguka kwanza, kaa baadaye

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako. Jiandikishe mlangoni, na wakati unangojea meza, anza kutembea. Waambie watoto hadithi, maana ukuta usio na hadithi ni mbao na misumari tu.

Hard Rock ya kwanza ilifunguliwa London tarehe 14 Juni 1971 na vijana wawili wa Kimarekani, Isaac Tigrett na Peter Morton, waliotaka baga ya kwao katika mji ambao haukuwa nayo. Mapambo haya ya wanamuziki hayakuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1979 Eric Clapton, mpiga gitaa aliyekuwa mteja wao, alitaka kiti alichokipenda pale kaunta kijulikane kuwa ni chake, basi gitaa lake likatundikwa juu ya kiti hicho. Haukupita muda mrefu, Pete Townshend wa bendi ya The Who naye akatuma la kwake, na ujumbe kwamba gitaa lake si duni kuliko la mwenzake. Ule utani wa marafiki wawili ndio uliozaa kila unachokiona ukutani. Leo mkusanyiko wao umezidi vitu 80,000, umetawanywa kwenye matawi ya dunia nzima, na huhamishwa kutoka tawi moja kwenda jingine. Ndiyo maana ukirudi baada ya miaka kadhaa unaweza kukuta sura mpya.

Tawi la Orlando lina historia yake. Lilianza 1990, pamoja na Universal Studios yenyewe, katika jengo lililojengwa kwa umbo la gitaa. Mwishoni mwa 1998 likahamia hapa lilipo, na likawa kubwa kuliko Hard Rock Cafe zote. Inua macho juu ya kaunta ya vinywaji: pale pananing'inia Cadillac ya waridi ya mwaka 1959, gari zima, linazunguka polepole. Watoto hawahitaji kuambiwa walitazame.

Jambo jingine nisiloacha kulisema: tangu 2007 biashara hii yote ni mali ya kabila la Seminole la Florida. Wazee wao walipigana vita vitatu na serikali ya Marekani katika karne ya 19, wakasukumwa mpaka kwenye vinamasi vya kusini, na waliobaki hawakutoka. Vitukuu vyao wakanunua kampuni iliyozaliwa London, kwa dola milioni 965. Mtoto wa Kiafrika anayekula baga pale anastahili kulijua hilo kuliko anavyostahili kujua jina la sosi.

Sasa, namna ya kutazama. Usipige picha mia ukapita. Chagua vitu vitatu, usimame. Gitaa la umeme likiwa limepigwa miaka mingi, rangi hukwanguka pale mkono unapopita, na shingo yake huchakaa chini ya vidole. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi, tukiwasikiliza kina Mbaraka Mwinshehe na Franco kwenye redio ya baba, tunajua mkwaruzo ule maana yake ni nini: ni usiku mwingi wa kazi. Tazama mavazi ya jukwaani uone yalivyo madogo. Mtu aliyejaza uwanja mzima kumbe alikuwa na mabega ya kijana wa sekondari. Na ukikuta karatasi yenye mwandiko wa mwanamuziki, tafuta maneno yaliyofutwa. Hapo ndipo utamwona anafikiri.

6. Kwa wasiokula nguruwe, uliza mwanzo, si mwisho

Baga zao mashuhuri huja na bekoni, ambayo ni nyama ya nguruwe, na mbavu za kuchoma nazo ni za nguruwe. Usidhani mhudumu atajua kwa kukuangalia hijabu. Sema waziwazi kabla ya kuagiza: bila bekoni, na je, kikaango au jiko ni lile lile? Nyama yenyewe usitarajie iwe imechinjwa kihalali. Wanangu wanaolizingatia hilo hula samaki, saladi au vyakula visivyo na nyama, na wakala vizuri tu. Mwenye mzio wa karanga, maziwa au ngano naye aseme mapema. Katika migahawa mikubwa ya Marekani swali hilo ni la kawaida na hujibiwa kwa uangalifu.

7. Agizeni pungufu ya njaa yenu

Sahani ya Marekani ni ya watu wawili. Baga moja na chipsi zake, tarajia kulipa kama dola 20 au zaidi, na mtoto wa miaka minane hataimaliza. Kuna menyu ya watoto, itumie. Watu wazima wanne wanaweza kuagiza sahani tatu na za ziada za kugawana, na hakuna atakayewashangaa. Kinachobaki omba kifungashio, hakuna aibu.

Soda ya kawaida katika migahawa mingi ya huko hujazwa tena bila malipo. Kinyume chake, kinywaji kinacholetwa kwenye glasi ya ukumbusho hubeba na bei ya glasi. Kama huitaki, omba kinywaji hicho hicho kwenye glasi ya kawaida. Pombe ni kuanzia miaka 21, na pasipoti itaulizwa hata kwa mwenye mvi chache.

Muziki ni wa sauti ya juu, nao ndio uhai wa mahali. Lakini kama una mzee au mtoto mchanga, omba meza ya nje inayotazama maji, au kona iliyo mbali na spika.

8. Muulize mhudumu kuhusu mtoto wa Zanzibar

Mahali kama hapa, ambapo majina yote yanaonekana ya Waingereza na Wamarekani, watoto wetu hujiona wageni. Basi waambie kuhusu Farrokh Bulsara. Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Waparsi, baba yake karani wa serikali ya kikoloni. Alipelekwa shule ya bweni India angali mdogo, akarudi Unguja akiwa kijana, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko alibadili jina akawa Freddie Mercury, na 1970 akaingia katika bendi iliyoitwa Queen. Alifariki Novemba 1991, akiwa na miaka 45 tu. Leo Shangani pana makumbusho yake, yaliyofunguliwa 2019, na watalii hupanga mstari nje.

Kwa kuwa vitu huhamishwa, sikuahidi kwamba utakuta chake siku utakayokwenda. Uliza. Wahudumu wengi wa pale wanapenda muziki kwa dhati, na ukiwa umefika saa ile tulivu niliyoitaja, watakupeleka mpaka kwenye kioo chenyewe. Mara moja binti wa kaka yangu, aliyezaliwa Mkunazini, alimwambia mhudumu wetu kwamba mtu huyo alitoka mtaa wa jirani na kwao. Kijana yule aliweka trei chini, akamwita mwenzake aje asikie. Kwa dakika tano hakuna aliyetuuliza tunaagiza nini, na sikutaka waulize.

9. Hesabu bili kabla haijaletwa

Bei ya menyu si bei ya mwisho. Katika eneo la Orlando kodi ya mauzo ni asilimia 6.5, na juu yake kuna bakshishi. Hii bakshishi si hisani. Florida inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe dola 3.02 pungufu ya kima cha chini kwa kila saa, kwa matarajio kwamba mteja ataziba pengo. Asilimia 18 hadi 20 ndiyo desturi. Kwa hiyo chakula cha dola 80 kina kodi ya dola 5.20, na bakshishi ya asilimia 18 ni dola 14.40. Jumla dola 99.60. Ukiingia ukijua kwamba 80 ni 100, hutashtuka.

Soma bili kwanza, hasa mkiwa kundi kubwa: mara nyingine bakshishi huwa imeshaongezwa, na ukiandika tena utalipa mara mbili.

10. Fulana

Huhitaji kula ili ununue. Duka lina mlango wake. Inasimuliwa kwamba fulana hizi zilianza London mwaka 1974, mgahawa ulipodhamini timu ya mpira ya mtaani. Jezi zilizobaki wakapewa wateja, na watu wakarudi kuzitaka. Nunua yenye jina la Orlando, si nyingine, na uchague ukubwa kwa kujaribu, kwa sababu vipimo vya Marekani ni vipana.

11. Piga picha ya nguzo

Majengo ya kuegesha magari ya Universal yanabeba maelfu ya magari, na sehemu zake zina majina ya filamu na wahusika wake. Watoto hufurahia jina, kisha usiku wote mnasahau kama ilikuwa papa au sokwe. Mkishashuka garini asubuhi, kabla ya hatua ya kwanza, piga picha ya nguzo yenye namba ya ghorofa na safu, na umtumie kila mtu kwenye kundi la familia.