Asali ya Busia Chini ya Hadubini

Ukisitasita kununua asali pale Busia, muuzaji hutoa kiberiti. Anachovya njiti kwenye chupa, anaipiga, inawaka. "Umeona, mama? Hii ni dawa." Njiti haijasema lolote kuhusu dawa. Asali ikiwa na maji mengi njiti hugoma kuwaka, basi. Shira nzito ya sukari nguru haiizuii. Kipimo cha sisimizi nacho hutegemea siku hiyo wana njaa kiasi gani.

Chombo kinachojua zaidi, hadubini, kimo katika maabara nyingi za shule za sekondari, na mwalimu wa biolojia ukimwomba vizuri atakuonyesha. Koroga gramu 10 za asali, kama kijiko kimoja na nusu cha chai, katika vijiko vinne vya maji safi ya vuguvugu. Maabara kubwa huizungusha kwa mashine ili mashapo yashuke. Usipokuwa nayo, acha kichupa chembamba kisimame usiku kucha, mwaga maji ya juu polepole, kisha weka tone la mashapo kwenye kioo. Tazama kwa ukuzaji wa mara 400.

Utakachokiona ni chavua. Ya alizeti ni duara lenye miiba pande zote, na ya baadhi ya maua ya manjano yaotayo kandokando ya mashamba hufanana nayo mno, kwa kuwa ni ndugu. Ya mkaratusi ni kipembetatu kidogo. Ya muhindi ni jitu: duara laini lenye tundu moja, upana wa mikromita 80 hadi 100, karibu unene wa unywele wako. Usishtuke kuikuta, nyuki huenda mahindini kutafuta chavua, ingawa nekta hakuna.

Sasa dondosha iodini. Punje za wanga hugeuka buluu iliyokoza, na zikijaa kila mahali, huenda mtu alitia unga. Chache tu zisikufanye umshtaki mtu: msimu wa njaa nyuki hukusanya vumbi la unga hata kwenye kinu cha posho, na chavua ya muhindi yenyewe ina wanga. Vipande vya seli za muwa ni ushahidi mbaya zaidi. Chavua isipoonekana kabisa, uliza kama asali ilichujwa kupita kiasi au ni shira tupu. Shira safi iliyochanganywa na asali halisi huiponyoka hadubini. Hapo maabara hupima kaboni, kwa sababu muwa na muhindi hujenga sukari kwa njia tofauti na miti na maua mengi ya nyuki.

Udawa wenyewe hauonekani kwa jicho la kioo. Asali ni sukari karibu asilimia 80, maji kidogo, na uchachu wa pH karibu 3.9, mazingira magumu kwa bakteria. Nyuki huongeza kimeng'enya ambacho asali ikipata majimaji, kwa mfano ya kidonda, hutengeneza haidrojeni peroksidi. Moto hukiua kimeng'enya hicho, kwa hiyo masega yaliyochemshwa sufuriani hutoa asali tamu iliyopoteza sehemu ya nguvu zake. Maji nayo yapimwe: kanuni za Codex zinataka yasizidi asilimia 20, la sivyo asali huchacha. Ya nyuki wadogo wasiouma huwa nyepesi kwa asili, kwa hiyo wepesi peke yake si ushahidi wa udanganyifu.

Asali ya kidonda inayotumika hospitalini huwa imeuawa vimelea kwa mionzi. Ya chupa ya sokoni haijapitia huko, na inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asilambishwe hata tone, haidhuru nyanya anasisitiza vipi. Mwenye kisukari naye akumbuke kwamba hii ni sukari.

Na ikiganda, usiirudishe sokoni kwa hasira. Weka chembe yake kwenye kioo: utaona fuwele za glukosi, nyingine kama sindano, nyingine kama vibao vyembamba. Asali halisi nyingi huganda, nyingine upesi, nyingine baada ya miezi. Ikae chupa ndani ya maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia, hadi ilainike.